Kanseri ya figo ikifika kwenye moyo, mgonjwa asirudishwe nyumbani mbio

Familia nyingi zikisikia kwamba kanseri ya figo imefika kwenye moyo, zinafunga mizigo na kumrudisha mgonjwa nyumbani akangoje siku yake. Ni kosa, tena kosa kubwa.

Kanseri hii ina tabia yake. Inaingia katika mshipa wa damu wa figo, inaota kama mzizi hadi kwenye mshipa mkubwa unaorudisha damu kutoka miguuni na tumboni, na kwa wagonjwa wachache inapanda hadi chumba cha kuume cha moyo. Mara nyingi mzizi huo haujashika nyama ya moyo, unaelea tu ndani ya damu. Ndiyo maana unaweza kutolewa.

Kuutoa si mchezo. Tumbo na kifua vinapasuliwa siku moja, daktari wa figo na daktari wa moyo wakiwa pamoja. Figo inaondolewa. Mashine inachukua kazi ya moyo na mapafu. Pengine mwili unapozwa hadi karibu digrii 18 au 20 na damu inasimamishwa kwa dakika chache, ndipo uvimbe unavutwa nje. Kipande kikikatika kinaweza kuziba mapafu, na kuna wanaokufa mezani. Lakini bila upasuaji wengi hawamalizi mwaka. Kwa wale ambao kanseri haijaenea sehemu nyingine, karibu nusu wanakuwa bado hai baada ya miaka 5.

Upasuaji wa moyo unafanyika Kampala na Dar es Salaam. Ni safari ya kuuzia shamba, na serikali ya Kongo haipaswi kuiachia familia peke yake.

Ila uzito mkubwa uko mwanzoni. Mtu wa Kivu anakojoa damu bila maumivu, anapewa dawa za maambukizi. Mbavu zinamuuma, miguu inavimba, majirani wanasema ni karuho, na miezi inaishia kwa waganga wa kienyeji. Wakati huo wote ekografi ipo mjini, na bei yake haifiki hata sehemu ndogo ya pesa zilizoliwa na dawa za sumu. Damu ikionekana kwenye mkojo wa mtu mzima, ekografi ya figo ifanywe kabla ya kurudia dawa mara ya pili, na karatasi ya majibu iseme wazi kama mshipa mkubwa umeingiliwa, na hadi wapi.