Askari anafundishwa, muchezaji anaachiwa Mungu: hapana, Kamina inataka viwanja vyake

Vijana wenzetu wa Kamina, na ninyi wenye kutusoma toka Lubumbashi, Kolwezi, Likasi na Kalemie,

Kuko maneno tumechoka nayo. Yanasemwa ku ofisi, yanasemwa ku radio, siku zingine hata wazazi wetu wanayasema: "Kipaji ni zawadi ya Mungu. Mwenye iko nayo, itatoka tu." Hatukatai Mungu. Tunakataa ile "itatoka tu". Ni maneno ya mukubwa mwenye hataki kuulizwa feza ya vijana ilienda wapi.

Leo tunaleta ushuhuda kutoka kwa jirani, tena mu muchezo wenye wengi wetu hatujacheza hata siku moja: kriketi. Mutuvumilie kidogo, tutafika Kamina.

Kijana anaitwa Juma Miyagi. Ni raia wa Uganda, alikomalia Naguru, mutaa wa Kampala wenye vibanda vya masikini vimebanana. Kazi yake mu timu ya taifa ni kurusha mupira wa kasi. Kwa wenye hawajui: mupira wa kriketi ni mugumu, wa ngozi. Unakimbia, unaurusha na mukono umenyooka, unagonga chini mbele ya mwenye kushika ubao. Nyuma yake kuko vijiti vitatu. Ukiviangusha, yule anatoka. Mu kriketi fupi yenye wanaita T20, kila timu inapata mirusho 120 tu, na murushaji mumoja hapitishe 24. Maana yake hakuna nafasi ya kubahatisha.

Mu Januari 2022, Miyagi alikuwa mu timu ya Uganda ya vijana wa chini ya miaka 19, ku Kombe la Dunia kule visiwa vya Karibi. Tarehe 22, Uhindi wakapata pointi 405. Uganda wakapata 79. Tofauti: 326. Musome tena ile namba. Kwetu, kisha kipigo sawa hiki, tungesikia nini? Timu ivunjwe, kocha afukuzwe, watoto warudi nyumbani, na kila mutu ku muji aseme: "Si tulisema?"

Kule hawakuvunja. Waliendelea kufundisha. Miyagi akapanda timu kubwa. Tarehe 26 Novemba 2023, kule Windhoek, Uganda ikapiga Zimbabwe, inchi yenye kukaa mu kundi la wakubwa wa kriketi. Siku nne nyuma yake ikapiga Rwanda, ikapata tiketi ya Kombe la Dunia la T20 kwa mara ya kwanza. Na tarehe 5 Juni 2024, kule Guyana, Miyagi, kijana wa miaka 21, akarusha mirusho yake 24 mbele ya Papua New Guinea: akatoa wachezaji 2, akaachia pointi 10 tu. Papua wakaishia 77. Zamu ya Uganda ilipofika, mambo yakaharibika: pointi 26, na watu watano wamekwisha kutoka. Ule murushaji akashika ubao, akasimama pamoja na Riazat Ali Shah mupaka timu ikarudisha roho. Uganda ikashinda. Ulikuwa ushindi wake wa kwanza ku Kombe la Dunia. Mu ile timu kulikuwa pia Frank Nsubuga, mwenye miaka 43, mwenye kucheza kriketi ya kimataifa tangu 1997. Mukubwa alisubiri, mudogo alikuta njia imefunguliwa.

Tusidanganyane. Siku tatu nyuma ya ile furaha, West Indies wakawafungia ku pointi 39. Kisha New Zealand wakawafungia ku 40. Hatuuzi ndoto hapa. Tunauliza swali moja tu: nini kilimutoa Miyagi Naguru kikamufikisha Guyana?

Bahati? Hapana. Pembeni ya Naguru kuko Lugogo, na Lugogo kuko uwanja wa kriketi. Unafika kwa miguu. Shule za Uganda ziko na mashindano ya kriketi ya wanafunzi. Shirikisho lao ni memba wa shirikisho la dunia tangu 1998. Kuko kocha mwenye kulipwa, kuko kalenda yenye kujulikana. Udongo, shule, mwalimu, kalenda. Ni vitu vine. Hakuna muujiza hata mumoja ndani.

Sasa turudi kwetu.

Inchi yote inajua Kamina juu ya reli na juu ya Base. Wabelgiji walijenga ile Base kisha vita kuu ya pili, na mupaka leo vijana wanaletwa pale toka kila upande wa Congo kufundishwa kazi ya bunduki. Hatutukani jeshi. Ndugu zetu wako ndani yake, na inchi iko mu vita. Lakini muangalie vizuri namna askari anatengenezwa. Kwanza kuko ardhi, na hakuna mwenye kuikata parseli. Kuko mwalimu. Kuko saa ya kuamka na saa ya kulala. Kuko mutu mwenye kuandika jina lako mu kitabu. Hakuna jenerali hata mumoja mwenye kusema: "Askari ni zawadi ya Mungu, atatoka tu."

Kwa hiyo serikali inajua. Hatuna kazi ya kuifundisha. Ikitaka kutengeneza kijana, inajua anahitaji nini. Ikisema haijui namna ya kutengeneza muchezaji, mukimbiaji, mwalimu wa michezo, ni kwamba haijataka. Kati ya kutojua na kutotaka kuko mulima.

Kuko jambo lingine tulijifunza mu kriketi, nalo linatuumiza. Mwenye kurusha kwa kasi anaumiza mugongo. Kijana mwenye mifupa haijakomaa anaweza kupata ufa mu uti wa mugongo kwa sababu ya kurudia ile ile kazi. Njo maana inchi zenye kujipanga zinahesabu mirusho ya kijana. Hesabu ikitimia, mupira unachukuliwa, anapumuzishwa, hata kama timu inashindwa. Kuko mutu mwenye kulipwa kwa kuhesabu uchovu wa kijana!

Hapa Kamina, nani anahesabu? Mutoto wa miaka 15 anasukuma kinga ya makala toka pori mupaka soko. Mwenzake anabeba mifuko ya mahindi asubuhi mupaka jua lizame. Wengine wanaondoka Kolwezi, wanaingia mu mashimo. Hakuna mwenye kusema: "Leo inatosha, mugongo wako tutauhitaji kesho." Kisha akifika miaka 25 amechakaa, mukubwa anapita mu gari, anafungua dirisha, anasema vijana wa siku hizi ni wavivu.

Na feza? Tusiambiwe hakuna feza. Mwaka 2023 Kinshasa ilipokea Michezo ya Francophonie, na feza ikapatikana. Mwaka 2025 inchi yetu ilitia sahihi mukataba wa miaka 4 na FC Barcelona, na magazeti ya dunia yakaandika bei: zaidi ya milioni 40 za euro, ili jina la Congo likae mugongoni ku nguo za mazoezi za wachezaji wao. Wanasema mu ule mukataba kuko pia mafunzo kwa watoto wa Congo. Vizuri sana. Tunauliza kwa heshima yote: yatafika Kamina tarehe gani? Yatafika Bukama? Yatafika Malemba-Nkulu, Kabongo, Kaniama? Kama kuko ratiba, waibandike tuisome. Kama haiko, mugongo wa muchezaji wa Barcelona umepata feza yenye mugongo wa mutoto wa Kamina haujapata.

Tunajua watu watatujibu nini.

Wa kwanza watasema: "Munasifu Uganda? Mumesahau Kisangani?" Hatujasahau. Tarehe 9 Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki kule La Haye iliamuru Uganda ilipe Congo milioni 325 za dola juu ya yale jeshi lake lilifanya kwetu. Tunajua ile namba kwa kichwa. Hatusifu serikali yoyote, ya Kampala wala ingine. Mutoto wa Naguru hakupora kitu chetu, na alitoka mu umasikini wenye tunaujua. Kujifunza kwa mutoto wa jirani si kusamehe mwizi.

Wa pili watasema: "Kriketi ni muchezo wa Waingereza na Wahindi, sisi watu wa kabumbu." Kabumbu nayo, babu zetu waliikuta kijijini? Ililetwa, tukaichukua, leo ni yetu. Hatuombi kriketi ku Kamina. Tunaomba vile vitu vine. Vikikuwa hapa, watoto wenyewe watachagua: kabumbu, basketi, handiboli, kukimbia, judo.

Wa tatu watasema: "Kwanza maji na umeme, michezo nyuma." Maji na umeme tunadai pia, na hatujapata. Wenye kutuambia tungoje kimoja wametunyima vyote.

Katiba yetu, kifungu cha 42, inalazimisha wenye mamlaka kulinda vijana ili wasipotezewe afya, masomo na maendeleo yao mazima. Haisemi "kama kutabaki feza". Tangu 2015 Haut-Lomami ni jimbo, na Kamina ni makao yake makuu. Hatuwezi tena kusema Lubumbashi njo ilitusahau. Wenye kuamua wako hapa hapa.

Kwa hiyo tunadai hivi:

1. Meya wa muji atangaze orodha ya viwanja vyote vya michezo vya Kamina, vya shule na vya mitaa, kila kimoja na mipaka yake na karatasi yake. Kiwanja bila karatasi ni kiwanja chenye kinangoja kuuzwa.

2. Pasipatikane parseli hata moja yenye kukatwa mu kiwanja cha watoto. Mwenye kutia sahihi, jina lake lijulikane.

3. Mheshimiwa Liwali atangaze feza ya michezo na vijana mu bajeti ya jimbo: iliandikwa ngapi, ilitoka ngapi, nani aliipokea. Ibandikwe ku mulango, kwa Kifaransa, Kiswahili na Kiluba.

4. Shule zipate kalenda moja ya mashindano kwa mwaka muzima, wavulana na wasichana, na mwalimu wa michezo alipwe sawa na mwalimu mwingine.

Na sisi hatutakaa tu kungoja. Kila mwenye kutusoma, mu mutaa wake, apime kiwanja kwa hatua zake, apige picha, aandike kinatumiwa na nani na tangu lini. Aulize wazee mipaka ilikuwa wapi. Mutuletee. Orodha yenye meya hataki kufanya, tutaifanya sisi, tutamupelekea mukononi, muchana, bila matusi na bila mawe. Akiikubali, tutamushukuru mbele ya watu. Akiikataa, tutarudi kesho yake, tukiwa wengi zaidi.

Juma Miyagi alipata mahali pa kukimbilia kabla ya kurusha. Mutoto wa Kamina naye ana mukono. Mumuachie udongo.