Kupanda Mikoko Si Kuihifadhi

Maji yakishakupwa, wageni hushuka matopeni na fulana zao mpya, wakachomeka miche, wakapigwa picha, wakarudi mjini wakiamini wameokoa msitu wa bahari. Imani hiyo, kwamba kupanda ndiko kuhifadhi, imeota mizizi pwani yetu nzima, na imetugharimu.

Mkoko haungoji mkono wa mtu. Mbegu yake huchipua ingali juu ya mti, ikadondoka, ikachukuliwa na maji hadi mahali pake. Ukiona hori limebaki tupu, ujue kuna kinachozuia, na miche elfu kumi haitakiondoa. Katika hori la Mwache, Mombasa, mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha udongo kutoka bara, ukafukia mizizi ya kupumulia, mikoko ikafa imesimama. Aliyeiua hakuwa na shoka. Udongo ulitoka vilimani, na mvua za namna ile zitarudi, maana bahari inazidi kupata joto.

Halafu hupandwa nini? Karibu kila mara ni aina moja tu ya mikoko, ile iitwayo mkoko wenyewe, kwa sababu mbegu yake ndefu huchomekwa tu topeni, hata kule mbele penye mawimbi, makao ya aina nyingine, mlilana. Mbegu za mlilana ni ndogo. Zinataka kitalu na miezi ya kutunzwa. Sri Lanka, baada ya tsunami ya 2004, ilipanda mikoko kwenye hekta zaidi ya 1,000, na zilizostawi ni kama 200. Kati ya maeneo 23 yaliyochunguzwa, 9 hayakuwa na mche hata mmoja ulio hai.

Nitaambiwa, mbona kijiji cha Gazi wamepanda na wamefaulu? Wamefaulu, tena nawaheshimu. Lakini katika hekta 117 ambazo mradi wao wa Mikoko Pamoja unazitunza tangu 2013, 107 ni msitu wa asili. Kazi kubwa ya wanakijiji wale ni kuulinda uliokuwepo.

Bahari inapanda. Mikoko huweza kuifuata, kizazi baada ya kizazi, ikisogea kuelekea nchi kavu, mradi iachiwe njia. Njia hiyo ndiyo tunayoiziba kwa kuta za nyumba na mashamba ya chumvi, na hakuna mche utakaoota juu ya saruji. Anayeipenda mikoko kwa dhati, Jumamosi asije kupanda. Jumatatu aende ofisi ya ardhi, akaulize viwanja vya nyuma ya mikoko vimekatiwa nani.