BWANA SHAMBA ANAKUAMBIA: Ziba paa la tembe kabla ya mvua



Siku moja nilikuwa nawafundisha wakulima jinsi ya kuhifadhi mahindi. Mama mmoja akasimama. Akasema, "Bwana Shamba, unatuambia tukaushe mahindi. Sisi tunayakausha. Lakini mvua ikinyesha usiku, yanalowa humo humo ndani ya nyumba. Tufanye nini?"

Swali la mama huyo ni zuri. Leo nitalijibu.

Katika vijiji vya Dodoma bado zipo nyumba za tembe. Tembe ni nyumba nzuri. Mchana haina joto kali. Miti na udongo wa kuijengea hupatikana kijijini. Shida yake ni paa. Paa la tembe ni bapa. Maji hayakimbii. Husimama juu, kisha hupenya polepole.

Mahindi na karanga zikilowa huota ukungu. Ukungu wa aina fulani hutoa sumu inayoitwa sumukuvu. Kupika hakuiondoi sumu hiyo. Mwaka 2016 watu walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Kwa hiyo paa linalovuja si jambo la kupuuza.

USIONGEZE UDONGO KILA MWAKA

Paa likivuja, wengi huongeza udongo juu. Mwaka unaofuata huongeza tena. Jambo hili ni la hatari.

Tufanye hesabu. Chumba kina urefu wa mita 4 na upana wa mita 3. Udongo wa juu una unene wa sentimita 10. Udongo huo ukilowa, uzito wake ni karibu tani 2. Ni sawa na magunia 20 ya mahindi, kila gunia kilo 100. Watoto wako wamelala chini ya magunia hayo. Boriti ikiwa imeliwa na mchwa, itavunjika.

Dawa si udongo mwingi. Dawa ni mteremko kidogo, na nailoni chini ya udongo mchache.

CHAGUA NAILONI INAYOFAA

Dukani utaona vitu vingi. Usichukue chochote tu kwa sababu ni rahisi.

Nailoni nyembamba ya kufunikia bidhaa haifai. Hutobolewa na mwiba mmoja. Mifuko ya mbolea iliyoshonwa pamoja haifai pia. Maji hupita katika matundu ya sindano. Turubai huzuia maji likiwa jipya, lakini likichakaa huvuja.

Karatasi ya lami ni imara. Lakini hubandikwa kwa moto juu ya zege. Paa lako ni la miti na udongo. Usiiweke.

Bati ni zuri, ila linataka mteremko mkubwa, kama sentimita 18 kwa kila mita. Ukililaza juu ya paa bapa, maji yatarudi nyuma na kuingia kwenye maungio.

Kwa tembe, nunua nailoni nyeusi nzito, ile ambayo mafundi hutandika chini ya sakafu ya saruji. Muulize mwenye duka geji yake. Geji 1000 inafaa. Usiogope marufuku ya mwaka 2019. Marufuku ile ilihusu mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, si nailoni ya ujenzi.

JINSI YA KUTANDIKA

Fanya kazi hii wakati wa kiangazi, paa likiwa kavu. Ukifunika udongo mbichi, fito zitaoza.

1. Ondoa udongo wa zamani. Kagua boriti zote. Iliyoliwa na mchwa ibadilishe.

2. Weka mteremko wa sentimita 3 kwa kila mita. Nyumba ya upana wa mita 4, upande mmoja uwe chini kwa sentimita 12. Pima kwa mpira wa maji kama mafundi wafanyavyo.

3. Siliba udongo juu ya fito na majani. Ulainishe. Ondoa mawe na miiba. Uache ukauke kabisa.

4. Tandika nailoni. Kipande kimoja kizima ni bora. Kama ni viwili, kipande cha juu kilalie cha chini kwa nusu mita.

5. Nailoni ipite ukingo wa paa kwa sentimita 30 na kuning'inia. Hivyo maji yatadondoka mbali na ukuta.

6. Funika kwa udongo laini wa sentimita 5. Panga mawe yasiyo na ncha kwenye kingo ili udongo usichukuliwe na maji.

Usisahau hatua ya sita. Mimi mwenyewe niliwahi kukosea. Niliezeka banda langu la kuku, nikaiacha nailoni wazi juani. Niliona nimeokoa kazi. Baada ya miaka michache ilikauka na kupasuka kama jani. Jua huua nailoni. Udongo huikinga.

Baada ya hapo, zuia mbuzi wasipande juu. Ukianika mlenda, tandika mkeka, wala usichimbie miti. Kila mwaka kabla ya Desemba kagua kingo, kwa maana huko ndiko nailoni huchakaa kwanza.

Yule mama nilimwambia hivi: anza na chumba cha chakula. Kama fedha hazitoshi kwa nyumba nzima, ziba chumba kimoja mwaka huu. Na magunia yako yaweke juu ya vichanja, yasiguse sakafu wala ukuta.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini si vizuri kuongeza udongo kila mwaka?
2. Chumba chako kina upana wa mita 5. Mteremko utakuwa sentimita ngapi?
3. Kwa nini tunafunika nailoni kwa udongo?