"Haina Riba" Haitoshi: Usizike Akiba Yako Kwenye Kisima cha Gesi



Ndugu yangu, dada yangu, kama kuna jamaa amekutumia meseji kuhusu kampuni ndogo ya kutafuta gesi, ati "iko karibu kupata", soma hii kabla hujatuma pesa.

Story huwa ni ile ile. Mnakutana mjini baada ya Ijumaa, ama unaitwa kwa ofisi ya vioo Westlands. Unaonyeshwa ramani na picha ya mtambo wa kuchimba. Hisa leo ni bei ya mandazi, wakigonga gesi utanunua gari. Kisha anamalizia na neno analojua litakulainisha: "Na hii haina riba."

Kijana mmoja wa Kangemi ninayemjua aliuza pikipiki yake kwa sababu ya neno hilo. Leo anatembea kwa miguu.

Tuambiane ukweli. Madrasa hatukufunzwa riba peke yake. Tulifunzwa pia gharar: usiuze samaki aliye majini wala ndege aliye angani. Mimi si shekhe, na kuhusu hisa waulize maulamaa. Lakini gesi ambayo hakuna aliyeiona, kilomita tatu chini ya ardhi, ina tofauti gani na huyo samaki?

Angalia hizi kampuni zinavyoishi. Hazina gesi ya kuuza. Zinachouza ni hisa. Kisima kimoja kinakula mamilioni ya dola. Pesa zikiisha, wanatoa hisa mpya, na kipande chako kinapungua ukiwa umelala. Mishahara ya wakubwa na kodi ya mtambo hulipwa kwanza. Kisima kikitoka kikavu, kinazibwa kwa saruji na hela zako ziko chini yake.

Haya si maneno ya kutisha watu. Yametokea hapa hapa Kenya. Mwaka 2012 kisima cha Mbawa, baharini upande wa Lamu, kilipata gesi kweli. Pancontinental, kampuni ndogo ya Australia, ilikuwa na sehemu ndani yake. Gesi haikutosha kibiashara. Mwaka 2014 Africa Oil ilipata gesi Sala-1 kule kaskazini. Ikachimba Sala-2 kuthibitisha, ikatoka patupu. Mwaka 2015 ikawa zamu ya Badada-1, kaskazini mashariki, ambako kampuni ndogo ya Kanada, Taipan, ilikuwa imeweka matumaini yake. Kikazibwa, kikaachwa.

Utaambiwa, "Lakini Tanzania wamepata." Ndio, wamepata. Songo Songo iligunduliwa 1974, na gesi yake ikaanza kuzalisha umeme Dar es Salaam 2004. Hiyo ni miaka 30. Aminex, kampuni ndogo, ilipata gesi Ntorya mwaka 2012. Leseni ya kuiendeleza ikatoka 2024. Sasa wewe na kodi ya nyumba Kawangware, utangoja miaka 12?

Wengine watasema biashara yoyote ina hasara. Kweli. Lakini kampuni kubwa ikipoteza kisima hapa, ina vingine kumi kwingine. Wewe una akiba moja tu, na pengine ni karo ya mdogo wako.

Na usidanganywe kwamba unawainua ndugu zetu wa Wajir na Lamu. Sheria ya Petroli ya 2019 inaipa jamii ya eneo asilimia 5 na kaunti 20 ya mgao wa serikali. Asilimia 5 ya kisima kikavu ni ngapi?

Kwa hivyo akija tena, muulize:

1. Leseni ya kitalu iko kwa jina la nani?
2. Mamlaka ya Masoko ya Mitaji imekuruhusu kuniuzia hisa?
3. Pesa mlizonazo zinamaliza kisima, ama mtarudi kuomba tena?
4. Wewe unalipwa komisheni ngapi nikinunua?

Akianza kukwepa, funga mfuko uondoke.

Na kwa wazee wetu, maimamu na viongozi wa vyama: msiwape hawa watu maikrofoni. Kijana anaamini kwa sababu amewaona wamesimama kando yenu. Hiyo imani ni amana, na amana haikodishwi.

Mtumie rafiki yako kabla hajauza pikipiki.