Mfumo Ukiboreshwa, Meseji Zako Zinakaa Wapi?

Hebu fungua simu yako sasa hivi, urudi nyuma hadi meseji ya zamani zaidi ya malipo uliyonayo. Ni ya lini? Yangu ni ya mwaka jana tu, kwa sababu nilibadilisha simu. Za mamangu zinarudi nyuma miaka na miaka. Yeye anauza nafaka Nakuru na hajawahi kufuta meseji hata moja ya pesa. Mteja akimwambia, "Mama, lile gunia nililipa," yeye havutani na mtu. Anatafuta jina, anageuza simu, wanasoma pamoja, mambo yanaisha hapo.

Wakenya wengi tunaishi hivyo. Tangu M-Pesa ilipoanza Machi 2007 tumezoea kwamba pesa ikiingia, meseji nayo inaingia, na hiyo meseji ndiyo risiti na ndiyo daftari. Ilikuja kwa SMS ikakaa kwenye simu yako. Lakini siku hizi kampuni nyingi za malipo zinaleta meseji ndani ya apu, ili ulipe, uone risiti na umwandikie mwenye duka pahali pamoja. Mimi nimesomea masoko, kwa hivyo napenda sana kitu kama hicho. Kinauzika.

Shida ni kwamba meseji ya ndani ya apu kwa kawaida haikai kwako. Inakaa kwenye databesi ya kampuni, na simu yako inakuonyesha tu. Maana yake ni kwamba usiku ule mfumo unaboreshwa, mtu fulani lazima awe ametengeneza mahali pa kuziweka kabla ya kufungua mlango. Asipofanya hivyo, unaandika hewani.

Niliona hili nikiwa atachimenti katika kampuni moja, si hii, na jina naliacha. Mabango nilikuwa nimeshayachora: "Ongea na muuzaji wako papo hapo!" Uboreshaji ulifanywa Alhamisi usiku, na Ijumaa asubuhi tukazindua. Kumbe yule aliyeandika programu alikuwa ametengeneza jedwali la kuhifadhi meseji kwa mkono kwenye kompyuta yake ya majaribio, halafu akasahau kuliweka katika hatua za uboreshaji wenyewe. Kwake kila kitu kilifanya kazi. Kwa wateja, meseji ilitoka, tiki ikatokea, na hapakuwa na pa kuiandika. Karibu saa mbili nzima za mazungumzo zilipotea na hazikurudi.

Pesa zenyewe hazikuguswa, na hili nataka ulielewe vizuri. Rekodi ya malipo ilikuwa kando na ilikuwa sawa. Kilichopotea ni maneno yaliyozunguka pesa. Lakini muulize mfanyabiashara kama maneno hayana bei.

Mchana wakatengeneza jedwali haraka haraka, na haraka ikaleta la pili. Kuna msambazaji wa mayai aliyetupigia simu, na mimi ndiye niliyepokea. Aliletewa meseji inayosema "Trei kumi asante," akapakia boda akaenda. Duka limefungwa. Mwenye duka alikuwa ameandika asante, akaweka emoji ya mikono ya kushukuru, halafu akaongeza, "lakini usilete leo, niko matanga." Kila kitu kuanzia kwenye emoji kilikatwa. Yule mzee aliniuliza nauli italipwa na nani, na mimi na mabango yangu sikuwa na jibu.

Baadaye fundi mmoja alinieleza, na ni kitu rahisi kiasi cha kuudhi. MySQL, programu ya databesi inayotumika sana duniani, ina mpangilio wa zamani wa herufi uitwao utf8 ambao unatoa nafasi ya baiti tatu kwa kila herufi. Emoji nyingi zinataka nne. Zikikutana, mfumo ama unaikataa meseji nzima au unaikata hapo hapo, kutegemea ulivyopangwa. Dawa inaitwa utf8mb4 na imekuwepo tangu 2010. Ni suala la kuchagua neno moja wakati unatengeneza jedwali. Ni kama ile ya saa: sava nyingi huhifadhi wakati wa kimataifa, ambao uko nyuma ya wetu kwa saa tatu. Mtu asipokumbuka kuongeza hizo tatu, kodi uliyolipa tarehe 1 saa saba usiku inaonekana imelipwa mwezi uliopita.

Ndiyo maana naona tarehe ya uzinduzi isipangwe na sisi watu wa masoko. Ipangwe na yule atakayesema: jedwali liko, nakala ya zamani imehifadhiwa, na tumejaribu kwa meseji kama zile wateja huandika kweli, zenye emoji, Kiswahili, sheng na makosa ya tahajia. Wenzangu watasema mteja hajui databesi ni nini na wala hajali. Jina kweli hajali. Risiti ikikosekana, atajali sana.

Wala sidai meseji ziwekwe milele. Sheria yetu ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka taarifa za mtu zisihifadhiwe kupita muda unaohitajika, na ni vizuri hivyo. Ninachotaka ni kampuni iseme waziwazi: za mazungumzo tunaweka muda huu, za malipo muda huu, na kabla hatujafuta utaweza kupakua zako. Mteja asigundue mwenyewe siku ya ugomvi.

Kwa upande wako, ukipata tangazo kwamba mfumo utaboreshwa usiku, pakua taarifa ya akaunti yako mapema na upige picha ya skrini ya maagizo ambayo hayajakamilika. Ukilipa na meseji isije, usilipe tena. Angalia salio kwanza, kwa sababu meseji inaweza kuchelewa ilhali pesa imeshaenda. Na mtu akikupigia akisema anataka PIN yako ili "akuhamishie meseji kwenye mfumo mpya," kata simu. Kuhamisha meseji ni kazi ya sava na sava, PIN yako haihusiki hata kidogo. Walaghai hupenda sana wiki za uboreshaji kwa sababu wanajua tayari umeambiwa kuna mabadiliko.

Mamangu ameniuliza kama ahamie kwenye apu. Nimemwambia ndiyo, ila SMS asizime, na lile daftari lake la bluu chini ya mizani aendelee nalo. Akacheka, akasema hakuwa na mpango wa kuliacha.