Usafiri wa kwenda kazini jijini Nairobi wakati wa UVIKO-19

Usafiri wa kwenda kazini jijini Nairobi wakati wa UVIKO-19 ulibadilika sana kuanzia Machi 2020, virusi vya korona vilipothibitishwa kuingia nchini Kenya. Hofu ya kuambukizwa ndani ya matatu, amri za serikali na kupungua kwa kipato viliwafanya wakazi wa jiji wafikirie upya namna ya kufika kazini. Baadhi walibaki nyumbani, wengine walitumia gari binafsi, bodaboda, baiskeli au miguu, na wengine waliendelea kupanda matatu kwa nauli kubwa zaidi. Nafasi ya kuchagua ilitegemea kwa kiasi kikubwa aina ya kazi na kipato cha msafiri.

## Hali kabla ya janga

Kulingana na sensa ya mwaka 2019, Nairobi ilikuwa na wakazi takribani milioni 4.4. Safari nyingi za kila siku hufanywa kwa njia mbili: kutembea kwa miguu na kupanda matatu. Kila moja huchukua takribani asilimia 40 ya safari zote. Magari binafsi hubeba sehemu ndogo ya wasafiri, ingawa ndiyo yanayojaza barabara nyakati za asubuhi na jioni.

Matatu ni mali ya watu binafsi waliojiunga katika vyama vya ushirika vinavyoitwa sacco. Kwa kawaida mwenye gari hudai kiasi maalumu cha fedha kila siku, na dereva na kondakta hujilipa kutokana na kinachobaki baada ya kununua mafuta. Hakuna ruzuku ya serikali kwa uendeshaji wa kila siku. Kwa hiyo mapato hutegemea mambo mawili: idadi ya abiria katika kila safari na idadi ya safari kwa siku. Hatua za kuzuia maambukizi zilipunguza yote mawili.

## Amri za serikali

Mgonjwa wa kwanza nchini Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Hatua zilizogusa usafiri zilifuata kwa haraka:

* Machi 2020: Shule zilifungwa na waajiri wakahimizwa kuwaruhusu wafanyakazi wafanyie kazi nyumbani. Matatu za abiria 14 ziliamriwa kubeba watu 8, za abiria 25 zibebe 15, na magari makubwa zaidi yasizidi asilimia 60 ya viti. Treni nazo ziliwekewa kikomo cha asilimia 60.
* 27 Machi 2020: Kafyu ilianza kutoka saa 1 jioni hadi saa 11 alfajiri.
* Aprili 2020: Kuvaa barakoa kulifanywa lazima katika usafiri wa umma, na bodaboda zikatakiwa kubeba abiria mmoja tu. Tarehe 6 Aprili kuingia na kutoka eneo la jiji la Nairobi kulizuiwa, na zuio hilo liliondolewa Julai 2020.
* Machi 2021: Zuio jipya liliwekwa kwa kaunti za Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Nakuru, likaondolewa mwanzoni mwa Mei.
* Agosti 2021: Matatu ziliruhusiwa kujaza viti vyote tena.
* 20 Oktoba 2021: Kafyu iliondolewa nchini kote.

## Hesabu ya nauli

Amri ya viti ilibadilisha hesabu ya kila safari. Kwa mfano, matatu ya abiria 14 inayotoza shilingi 50 hukusanya shilingi 700 ikijaa. Ikibeba watu 8 kwa nauli hiyo hiyo hukusanya shilingi 400, ilhali mafuta yanayotumika ni karibu yale yale. Ili irudi kwenye shilingi 700, kila abiria angelazimika kulipa shilingi 87.50, yaani ongezeko la asilimia 75. Nauli zilipanda katika njia nyingi, na wakati huohuo makondakta wengine walikiuka amri kwa kuongeza abiria pale ambapo hapakuwa na askari.

Hivyo gharama ya kuweka nafasi kati ya abiria ilibebwa na abiria wenyewe pamoja na wahudumu wa matatu. Mzigo huo ulikuwa mzito zaidi kwa wale ambao kipato chao kilikuwa kimeshapungua.

## Wasafiri walivyochagua

### Kubaki nyumbani na gari binafsi

Kufanyia kazi nyumbani kuliwezekana kwa watu wa ofisini wenye kompyuta na intaneti. Mchuuzi, fundi wa ujenzi, mfanyakazi wa nyumbani na kibarua wa kiwandani hawakuwa na njia hiyo. Waliokuwa na gari waliweza kukwepa matatu kabisa, na kwao hatari ya kuambukizwa njiani ilipungua bila kupoteza mapato.

### Kutembea kwa miguu

Kutembea hakukuwa jambo jipya Nairobi. Wakazi wengi wa Mukuru na Kibera walikuwa wakitembea hadi Eneo la Viwanda hata kabla ya janga, kwa sababu nauli ya kwenda na kurudi hula sehemu kubwa ya ujira wa siku. Nauli zilipopanda, sababu hiyo iliongezeka uzito. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwezi Aprili 2020 kwamba watu watembee au waendeshe baiskeli inapowezekana. Hata hivyo, kwa watembeaji wengi wa Nairobi uamuzi ulitokana na fedha kuliko ushauri wa afya, na njia walizopita mara nyingi hazikuwa na vijia vya miguu wala taa.

### Baiskeli

Baiskeli huondoa tatizo la nauli na la kukaa karibu na watu, lakini barabara nyingi za Nairobi hazina njia zake. Sera ya kaunti ya mwaka 2015 kuhusu usafiri usiotumia injini ilikuwa imeahidi kutenga asilimia 20 ya bajeti ya usafiri kwa watembea kwa miguu na waendesha baiskeli. Mwaka 2020 vijia vipya vilijengwa katikati ya jiji. Kazi hiyo iligusa zaidi mitaa ya kibiashara, ilhali safari ndefu huanzia mitaa ya pembeni.

### Bodaboda

Bodaboda hupita kwenye hewa wazi, haingoji abiria wengine na humfikisha mtu mlangoni. Sifa hizo ziliifanya ionekane salama kuliko gari lililofungwa madirisha. Upande wa pili, pikipiki ina hatari kubwa ya ajali, na kofia moja ya kinga hutumiwa na abiria wengi kwa zamu.

## Msongamano ulihamia vituoni

Kupunguza viti bila kuongeza magari hakupunguzi idadi ya watu wanaohitaji kusafiri. Foleni zilirefuka vituoni, na watu waliotenganishwa ndani ya gari walisongamana nje yake. Kafyu iliongeza tatizo, kwa kuwa wafanyakazi wengi walilazimika kurudi nyumbani katika saa chache za alasiri. Tatizo hilo lilionekana pia nje ya Nairobi: siku ya kwanza ya kafyu, umati uliokuwa ukisubiri kivuko cha Likoni mjini Mombasa ulitawanywa na polisi kwa mabomu ya machozi.

## Nchi jirani

Nchini Uganda usafiri wa umma ulisimamishwa kabisa mwishoni mwa Machi 2020, na siku chache baadaye magari binafsi pia. Wauzaji wa vyakula walitakiwa kulala sokoni ili wasisafiri kila siku. Bodaboda zilibeba mizigo tu hadi mwishoni mwa Julai. Nchini Rwanda pikipiki zilizuiwa kubeba abiria hadi Juni 2020. Tanzania haikufunga shughuli za miji, lakini daladala za Dar es Salaam ziliamriwa kubeba abiria waliokaa tu, utaratibu uliojulikana kama "level seat".

## Baada ya janga

Matatu zilirudi kujaa baada ya Agosti 2021. Mnamo Novemba 2020 treni mpya za mjini zilizinduliwa kutoka kituo kikuu cha Nairobi, na mwezi Mei 2022 ilifunguliwa Nairobi Expressway, barabara ya kulipia yenye urefu wa kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands. Barabara hiyo huwafaa zaidi wenye magari, kundi ambalo tayari lilikuwa na nafasi kubwa ya kuchagua wakati wa janga.

Hali ya Nairobi inaonyesha kwamba amri ya kupunguza abiria hufanya kazi vizuri pale tu ambapo kuna magari ya ziada, fidia ya nauli au njia salama za miguu na baiskeli. Bila hayo, hatari hutoka ndani ya gari ikahamia kituoni, na gharama humwangukia asiyeweza kukaa nyumbani.