Kivuli nacho kiandikwe kwenye zabuni

Nilipokuwa mwaka wa kwanza wa usanifu wa mandhari, mwalimu wa studio alitutuma tukakae chini ya mti, kila mmoja wake, kuanzia saa moja asubuhi hadi magharibi. Tuandike nani anakuja kivulini na nani anaondoka. Mchoro hakuutaka. Mimi nilipangiwa mwarobaini uliokuwa kando ya kituo cha daladala.

Asubuhi kivuli kililala upande wa magharibi, na mama lishe akapanga mabenchi yake hapo. Adhuhuri kikajikusanya karibu na shina. Alasiri kikahamia mashariki; naye akakifuata, masufuria mkononi, wateja nyuma yake. Fundi viatu alihama mara tatu. Kina mama waliobeba watoto walisimama pale hata daladala lilipokuwa bado mbali, maana kituo chenyewe kilikuwa bati tu lililochemka.

Mama yangu alikuwa ameniuliza, "Mwanangu, ndiyo umeenda chuo kikuu kusomea maua?" Usiku ule nilimsomea daftari langu. Yeye aliuza vitumbua barabarani miaka mingi. Hakuniuliza tena.

Vitabu vyetu vingi viliandikwa Ulaya, ambako jua la mchana hukaa kusini mwaka mzima na mbunifu huhangaika kulikaribisha. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Desemba jua la mchana hutujia kutoka kusini, Juni kutoka kaskazini. Mti uliopandwa kusini mwa benchi kwa kunakili mchoro wa London, mwezi wa Juni saa sita mchana hutupa kivuli chake upande wa pili, na anayekaa kwenye benchi huungua. Ndiyo maana fani hii lazima isomwe kwa miguu, katika mji huu, kwenye jua hili.

Barabara ikipanuliwa, mkataba hutaja lami, kalavati, mitaro na taa. Miti huja mwisho, fedha zikibaki, na mara nyingi hupandwa ile mirefu myembamba kama nguzo, isiyomfunika hata mtu mmoja. Mimi nataka kivuli kiandikwe kwenye zabuni kama mtaro unavyoandikwa: mita ngapi za njia ya miguu zifunikwe, kwa mti gani, na nani atamwagilia kiangazi cha kwanza na cha pili. Nataka halmashauri ziajiri wahitimu wa fani hii, wanaofundishwa hapa hapa Chuo Kikuu Ardhi, na ziwakalishe meza moja na mhandisi kabla mstari wa kwanza haujachorwa. Kusogeza mstari karatasini ni kazi ya kifutio. Mwarobaini wa miaka arobaini hauuzwi kitaluni.

Mwarobaini wangu ulikatwa barabara ilipopanuliwa. Njia mpya ya miguu ni pana, imesakafiwa vizuri, na mchana haina mtu. Mama lishe yule bado yupo. Nilimpitia wiki iliyopita nikamkuta amefunga khanga mbili kati ya nguzo ya taa na uzio, upande wa kaskazini wa mabenchi yake. Nikamuuliza kwa nini upande huo.

"Si Juni hii, mwanangu?" akanijibu, akaendelea kupakua wali.